Viboko wa Njia ya Nundu

Alfajiri ile wanaume wanne wa kwaya walikuja na tipoyi, na Henri akawarudisha. Tuanze hapo, maana hata leo watu wa Baraka wakilitaja jambo hili huanzia hapo, na Henri mwenyewe hakatai.

Tipoyi ilikuwa imefungwa vizuri: kitanda cha mianzi juu ya miti miwili mirefu, godoro la parokia juu yake, na kitenge cha kuzuia jua. Nicolas, mkubwa wa kwaya, alisimama mlangoni amekunja suruali hadi magotini, tayari kwa njia. Ndani, Georgette, binti pekee wa Henri na Pulchérie, alikuwa ameingia siku ya pili ya uchungu wa mtoto wake wa kwanza. Mkunga alikuwa ametoka chumbani muda si mrefu, akanawa mikono kwenye beseni, na kusema bila kuzungukazunguka kwamba mkono wa mtoto umetangulia kutoka.

"Uyu anapashwa kupasuliwa," alisema. "Ni ku hospitali ya Nundu tu. Hapa kwetu vita ilibeba mupaka mikasi."

Ziwani hakukuwa na njia. Tangu Jumatatu askari walikuwa wamekataza mitumbwi kutoka, na ndiyo sababu hata Bienfait, mume wa Georgette, alikuwa amekwama Kazimia na samaki wake. Kilichobaki ni barabara, kilomita thelathini na kitu za mashimo na vumbi la mwezi wa nane.

"Papa Henri, tubebe?" Nicolas aliuliza. "Tukitoka saa hii, jua kali itatukuta tumeshapita Lweba. Saa nane, ikichelewa saa tisa, tuko Nundu."

"Muntu ya hali hii mutamutikisa mu mashimo yote hayo?" Henri alisema. "Mungoje kidogo. Kwa motokari ni saa mbili tu."

"Motokari gani, Papa? Ile yako haina hata tone ya mazutu."

Kweli haikuwa nalo. Land Rover ya Henri ilisimama nyuma ya nyumba tangu vita vipite mwaka jana, na kama haikuporwa ni kwa sababu alikuwa amefungua pampu yake na kuizika shambani chini ya mihogo. Mji mzima wa Baraka, mazutu, yaani dizeli, yalikuwa mahali pamoja tu: kwa askari.

Pulchérie alitoka chumbani, kitambaa cha kichwa kimelowa jasho. "Baba Georgette, wacha babebe mutoto. Tipoyi iko hapa mulangoni. Motokari iko mu kichwa yako."

"Unipe saa moja, Mama Georgette. Saa moja tu. Nikishindwa, babebe."

Alisema kwa upole, lakini alikuwa ameshavaa kofia. Miaka kumi na tisa Henri alikuwa dereva wa wageni. Aliwachukua watalii waliokwisha kuota jua kwenye fukwe za Bujumbura akawapeleka kuota jua kwenye fukwe za Kalemie, na wakati madereva wengine waliwabeba kama magunia, yeye aliwapitisha kwenye wanyama. Siku ambayo ingekuwa ya vumbi na mgongo kuuma ikawa ndiyo siku wanayoisimulia kwao. Kazi hiyo ilikufa, lakini mtu hawezi kufanya jambo miaka kumi na tisa halafu aamini kwamba barabara ile inaweza kupitwa na wengine kwa miguu vizuri kuliko yeye kwa gari. Hapo ndipo alipokosea, masikini.

Afande aliyeushika mji alikaa katika nyumba ya mfanyabiashara mmoja aliyekimbilia Kigoma. Henri alisimamishwa uani, akaambiwa avue kofia, akavua. Akaambiwa avue na viatu, akavua pia. Barazani Afande alikuwa anakunywa chai na mgeni wake, mtu wa nje aliyekuja kutazama dhahabu, akashukia Kazimia, na sasa alikuwa anataka kufika Uvira ili avuke Bujumbura apumzike ziwani siku mbili kabla ya ndege.

"Mzee, unasema," alisema Afande. Hakuwa mtu wa kufoka. Alikuwa na sauti laini na meno mazuri.

"Afande, nasikia mugeni iko anaenda Uvira. Mi niko na Land Rover. Iko muzima. Munipe mazutu tu, ninawapeleka leo."

"Lori letu linakuja Ijumaa. Mgeni hana haraka."

Leo ilikuwa Jumatano. Henri alitazama viatu vyake pale chini vilivyopangwa kama vya mwanafunzi aliyekosa, akamfikiria Georgette. Mdomo ukafunguka wenyewe.

"Lakini lori haipitie kwenye viboko, Afande."

Halafu akalirudia kwa Kifaransa, kile Kifaransa chake cha kazi, laini, chenye kutabasamu: kwamba bwana angesafiri hata hivyo, kwa nini asafiri bure? Kabla ya Lweba kuna mlango wa mto, viboko wapo kumi, kumi na wawili, unawaona bila kuchafua kiatu. Dakika kumi tu, na safari inaendelea. Mgeni aliweka kikombe chini. Akauliza kama ni kweli. Akasema amezunguka nchi hii wiki tatu na hajaona hata mnyama mmoja, na mkewe hataamini.

Afande akacheka. "Haya. Na wewe mzee, unataka nini?"

"Fasi ya binti yangu nyuma, mupaka Nundu. Anazaa vibaya. Iko njiani, Afande, hatuongeze hata kilometre moja."

"Basi si kitu. Mwambieni bwana wa mazutu ampe madumu mawili."

Jamani, furaha aliyokuwa nayo mtu yule! Alirudi nyumbani na dumu kila mkono, pumzi imemkata, akicheka peke yake. Nicolas na wenzake walikuwa wamekaa kwenye miti ya tipoyi wakingoja. "Aksanti sana, bandugu," aliwaambia. "Murudi, mupumuzike. Mungu ameshafungula njia."

Walitazamana. Nicolas aliuliza, "Banatoka saa ngapi?"

"Sasa hivi. Saa moja."

Wakaichukua tipoyi yao tupu wakaenda.

*

Walitoka saa nne. Saa moja mgeni alikuwa anaoga ziwani. Saa mbili walikuwa wanamkaangia mayai. Saa tatu Afande alikuwa kwenye redio na wakubwa wake, na hakuna aliyethubutu kumgonga bega. Henri alikuwa amekwisha funga pampu, injini inanguruma vizuri, Georgette amelazwa nyuma juu ya godoro, na Pulchérie amekaa kwenye bati amempakata kichwa.

"Saa hii tipoyi ingeshapita Lweba," Pulchérie alimwambia mumewe.

Henri akaenda tena mpaka barabarani kuwatazama.

Mwishowe wakaja. Afande na mgeni walikaa mbele, askari wanne wakapanda nyuma na bunduki zao, miguu yao ikabanana na godoro. Mmoja wao akavua koti akaliweka chini ya kiuno cha Georgette bila kuambiwa. Askari huyo alikuwa na roho, lakini hakuwa na cheo.

Henri aliendesha kama anabeba mayai. Kila shimo alilijua, na kila shimo lililokuwa jipya alilisikia kwanza kwenye sauti ya binti yake. Mgeni alikuwa anauliza maswali: viboko hula nini, ni kweli wanaua watu wengi kuliko simba? Henri alijibu yote, tena vizuri, maana alikuwa anahesabu. Dakika kumi za mto, baada ya hapo saa moja na nusu ya barabara. Saa saba mchana mtoto wake atakuwa mezani kwa daktari. Bado inawezekana. Aliomba moyoni viboko wasiwepo, halafu akaogopa kwamba wasipokuwepo mgeni atataka kutafuta, akaomba wawepo.

Walikuwepo. Alizima gari juu ya ukingo, mahali pake palepale pa zamani, na chini yao maji ya rangi ya chai yalikuwa yamejaa migongo na masikio. Mgeni akasema "Oh!" kama mtoto. Akashuka na kamera yake, akapiga, akapiga tena. Dakika nane. Henri alikuwa na mkono kwenye ufunguo.

"Bwana ameridhika?" aliuliza kwa Kifaransa. "Tuendelee?"

Mgeni akasema ndiyo, ameridhika kabisa, asante. Na mguu wake ulikuwa umeshapanda garini. Lakini Afande naye alikuwa mwenyeji, na mwenyeji alitaka kumpa mgeni wake kitu cha kubeba.

"Picha ni karatasi tu," alisema. Akachukua bunduki ya askari aliyekuwa karibu, akaegemea boneti, akapiga mara tatu.

Mto ulilipuka. Migongo yote ikazama kwa mpigo mmoja, mawimbi yakagonga ukingo, na nyuma ya gari Georgette akapiga ukelele ambao hakuwa ameupiga tangu asubuhi. Maji yalipotulia yalikuwa matupu.

"Nimekosa," Afande alisema. Alionekana ameaibika kidogo, akairudisha bunduki. Henri akawasha injini. Na hapo, Mungu ampe nini mtu yule, mvuvi mmoja aliyekuwa kwenye matete upande wa chini akapaza sauti kwa furaha: "Hapana, Afande! Umemupata! Damu hii hapa! Atapanda tu, mungoje!"

Kila mtu wa ziwani anajua hilo. Kiboko akipigiwa majini huzama, hulala chini mpaka tumbo lake lijae hewa, ndipo huelea. Huchukua saa mbili, maji yakiwa baridi hata saa tatu au nne. Henri aliyajua hayo kuliko mtu yeyote garini, na alikuwa ameomba asiwepo wa kuyasema.

"Kumbe!" Afande alisema, na meno yake yote yakaonekana. "Basi tunangoja. Mgeni atabeba jino la kiboko wa hapa Fizi."

*

"Afande," Henri alisema. Alikuwa ameshuka, kofia mkononi. "Munipe ruhusa. Ninaangusha mutoto Nundu, ninarudia. Nyama itakuwa haijapanda hata. Mubaki na askari wote. Ninaapa kwa jina ya Mungu."

"Ukienda, na mazutu yangu yameenda."

"Munitumie na askari moja pembeni yangu."

"Mzee, wewe ndiye ulituleta hapa. Si ulisema mwenyewe?" Akanyoosha mkono ndani ya dirisha, akachomoa ufunguo, akautia mfukoni mwa shati na kufunga kifungo. Hakufanya kwa hasira. "Wanawake wanazaa kila siku. Atazaa. Pumzika."

Henri alipiga magoti. Mtu wa miaka hamsini na nane, mzee wa kanisa, aliyewahi kubishana na mabwana wa mahoteli juu ya bei, alipiga magoti kwenye vumbi mbele ya wavuvi. Afande akageuka upande mwingine, kwa maana jambo lile halikumpendeza.

Ndipo akamwendea mgeni. Akamwambia kwa Kifaransa chote alichokuwa nacho, bila tabasamu safari hii: bwana, binti yangu anakufa pale nyuma, mkono wa mtoto uko nje, mwambie atuachie twende. Mgeni alienda akachungulia nyuma ya gari, akarudi uso umebadilika. Akazungumza na Afande pembeni. Henri alisikia kila neno. Mgeni alisema labda tungewapeleka kwanza. Afande akasema, rafiki yangu, hawa watu hulia kwa kila kitu, na hili ni eneo langu. Mgeni akasema bila shaka, bila shaka. Akafungua mkoba wake, akamletea Henri vidonge viwili vya kichwa na chupa ya maji.

"Samahani," alisema. "Na mimi pia niko mikononi mwake."

Pulchérie alivitazama vile vidonge kwenye kiganja cha mumewe. Akavichukua, akavisaga kwa kijiko, kwa sababu hakukuwa na kingine cha kufanya.

Habari ya nyama ilikuwa imeshafika kijijini. Watu walikuja na vikapu na mapanga, watu waliokonda, ambao tangu vita walikuwa wanakula sombe, majani ya mihogo, bila mafuta. Mke mmoja wa mvuvi, Marie, aliona gari, akaona ni nini kilichomo, akawafukuza watoto na kusimamisha vitenge pembeni kama ukuta. Akaingia. Alipotoka alimvuta Henri kando.

"Papa, musingoje ile nyama. Mutoto wa tumbo ameshapoa, hachezi tena. Mama yake naye, tumbo imekuwa ngumu sawa mbao."

"Banaume ya kumubeba bako?"

"Bako." Akawaita. Sita walikuja, wakakata miti, wakaanza kufunga kamba. Mikono yao ilikuwa ya watu waliofanya hivyo mara nyingi. Henri alihisi kifua chake kinafunguka. Kutoka hapo mpaka Nundu, mbiombio, ni mwendo wa saa tano. Saa tano, lakini ni kwenda.

"Hao wanakwenda wapi?" Afande aliuliza kutoka kivulini.

"Banabeba mugonjwa, Afande."

"Hakuna kutoka. Nani atavuta mnyama? Wanaume wote wabaki hapa."

Askari mmoja akakoki bunduki, ili tu wasikie. Wale sita wakaiweka miti chini. Mmoja alisema, "Utusamee, Papa," akaenda kukaa ukingoni na wengine.

Baada ya hapo hakukuwa na la kufanya, na Henri hakufanya kitu. Alikaa nyuma ya gari akamshika binti yake miguu. Miguu ilikuwa ya baridi pamoja na jua lile. Georgette alikuwa ameacha kulia. Aliuliza, "Papa, tumefika?" na Henri akasema, "Bado kidogo, mama yangu." Baadaye akauliza tena, na Henri akasema vilevile. Mara ya tatu aliuliza kama Bienfait amekuja. Pulchérie ndiye aliyejibu kwamba yuko njiani.

Saa nane kiboko alipanda. Tumbo lilitokea kwanza, jeupejeupe, na kelele zilizopigwa ukingoni zilikuwa za watu waliosahau vita kwa muda. Walimvuta kwa kamba wakiimba. Walimpasua palepale. Afande alipata meno yake, aligawa nyama kwa mkono wake mwenyewe, na watu wakampigia makofi. Mzee mmoja mwenye kikapu kilichojaa alikuja mpaka garini, mikono myekundu hadi viwikoni.

"Ni Papa Henri wa batalii! Nilikujua!" alisema. "Aksanti, Papa. Tangu mwaka jana hatujaonja nyama. Mungu akubariki kwa kutuletea hawa bantu."

Henri alisema, "Aksanti."

Paja moja na kifua vilikuwa vya Afande, na vilipakiwa nyuma. Pulchérie aliinua mkono kuzuia, askari wakamwambia, mama, sogea kidogo. Akasogea. Akakunja godoro upande mmoja, akamvuta binti yake mapajani, ili damu ile isiguse damu yake.

*

Saa kumi na nusu walisimama mbele ya hospitali ya Nundu. Daktari mwenyewe alitoka mbio na machela, akaweka vidole shingoni mwa Georgette, akaviweka tena, halafu akamfunika kitenge mpaka juu ya uso. Aliuliza amekufa lini. Pulchérie alisema, "Kwenye kona ya mwisho. Nilimusikia." Hakulia. Alikuwa anamfuta binti yake vumbi usoni, polepole, kama anayemtayarisha kwenda kanisani.

Afande alishuka, akavua kofia yake. "Pole sana, mzee. Ni mapenzi ya Mungu." Akatazama saa. "Barrière ya kuingia Uvira inafungwa saa moja. Twende."

"Afande, mi nabaki. Ni mutoto wangu. Mukuwe na dereva mungine."

Askari mmoja alijaribu. Alikaa kwenye usukani, gari likaruka, likazima, likaruka, likazima. Land Rover ile ilikuwa ya mtu mmoja tu, gia ya pili ilitaka kubembelezwa. Mlinzi wa hospitali aligeuka asione.

"Gari linakusikia wewe," Afande alisema. "Kesho unarudi. Neno langu." Akapanda, akakaa, na baada ya muda akapiga honi. Mara moja, fupi, bila ubaya.

Henri alimtazama mkewe. Alitaka mkewe amtukane. Alitaka aseme tipoyi, aseme kichwa yako, aseme lolote. Pulchérie alikuwa anaokota vitu vya Georgette kutoka garini: kandambili, beseni, nguo ndogo za mtoto zilizofungwa kwenye taulo. Alivipanga kwenye nyasi.

"Enda, Baba Georgette," alisema. "Bakikuua na we, nitazika bantu ngapi? Nitakungojea mupaka kesho mangaribi. Ukikosa kufika, tutamuweka mu udongo."

Akaenda.

Waliendesha, ziwa upande wa kulia, mlima upande wa kushoto, na nyuma hakuna kilichobaki isipokuwa askari na nyama. Mgeni alisema kwa Kifaransa kwamba anasikitika sana, na alikuwa anasikitika kweli, macho yake yalikuwa mekundu. Henri akasema, "Merci, monsieur." Alitaka kunyamaza, lakini mdomo ulikuwa umezoea.

Karibu na Makobola, mahali ambapo mlima unashuka mpaka barabarani, kundi la nyani lilikuwa limekaa juu ya mawe likiota jua la mwisho.

"Mzee!" Afande alisema. "Wale pale. Simama mgeni awaone."

Mgeni alisema hapana, haifai, tuendelee, mwacheni mzee wa watu. Afande akasema upuuzi, njia ndiyo hii, utawaona wapi tena? Mgeni akasita. Mkono wake ulikuwa umeshafika kwenye kamera.

Na Henri akaisikia sauti yake mwenyewe ikisema kwa Kifaransa, laini, yenye adabu, kwamba nyani hawa hushuka kila jioni kunywa maji, kwamba yule mkubwa pale juu ndiye mlinzi wao, na kwamba bwana akikaa upande huu atapata mwanga mzuri zaidi. Alichukia kila neno, na kila neno lilitoka likiwa limenyooka. Akarudisha gari nyuma hatua chache, mpaka dirisha la mgeni likaelekea mawe. Halafu akazima injini, ili picha isitikisike.